Je, Wajua? Disney Waliinunua Marvel Nzima, Mbona Spider-Man Hakuja Nayo

Agosti 2019, katika kibanda umiza kimoja pale Mwanga, mjini Kigoma, filamu ilichelewa kuanza kwa sababu ya ubishi. Habari zilikuwa zimefika kwamba Sony na Disney wamekosana, na huenda Spider-Man asionekane tena pamoja na akina Thor, mashujaa wenzake wa Marvel. Benchi la mbele likasema Sony warudishe mali ya watu. Benchi la nyuma likasema Disney wana tamaa, wanataka kumeza kila kitu. Mimi nilikuwa benchi la mbele, tena nilisimama kabisa. Nikawaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeusoma mkataba, kwamba Disney waliinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, Spider-Man ni wa Marvel, basi hesabu imekwisha. Sony wanakalia kiti cha mwenzao.

Nilikuwa nimekosea, tena si kidogo.

Aliyenisahihisha ni kijana ambaye kwao wanakodisha mitumbwi ya dagaa Kibirizi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Kaka, yule mama wa mwenge mwanzo wa filamu hujawahi kumwona?" Nimwone mara ngapi! Mwanamke kasimama, kajitanda nguo kama shuka, kainua mwenge unaowaka, nyuma yake mawingu. Utotoni tulidhani ana uhusiano na Mwenge wa Uhuru. Kumbe ni alama ya Columbia, kampuni ya filamu ambayo Sony waliinunua mwaka 1989, na yumo mwanzoni mwa filamu za Spider-Man tangu ile ya 2002. Ushahidi ulikuwa ukipita mbele ya macho yetu miaka yote hiyo, au ungepita, kama mwenye kibanda asingekuwa na tabia ya kurusha mwanzo ili kuokoa muda.

Kosa langu ni la wengi, kwa hiyo nitakaa nalo. Tunaponunua gunia la dagaa, tunalibeba na kilichomo. Tukisikia kampuni kubwa imenunua studio, tunaifikiria studio kama gunia. Na historia imetudanganya kidogo, kwa sababu kuna manunuzi yaliyofanana kweli na gunia. Mwaka 2006 Disney waliinunua Pixar, studio ya filamu za katuni, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4, nao samaki, magari na midoli yote ya Pixar wakahamia nyumba mpya. Mwaka 2012 wakainunua Lucasfilm, iliyokuwa ya mtu mmoja, George Lucas, kwa takriban dola bilioni 4, na mfululizo wa filamu za Star Wars ukaja nayo. Ukizitazama hizo mbili, utaapa kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda.

Lakini hata gunia la Lucasfilm lilikuwa na tundu. Ile filamu ya kwanza kabisa ya Star Wars, ya mwaka 1977, haki ya kuisambaza ilikuwa kwa studio nyingine, Fox, na ilibaki kwa Fox hata baada ya Lucas kupokea fedha zake. Yaani Disney walinunua ukoo mzima, mzaliwa wa kwanza akabaki anaishi kwa jirani. Nilipolijua hili nilijisikia nafuu: kumbe Spider-Man hakuwa jambo la ajabu, ni sisi tuliokuwa tunahesabu vibaya.

Kwa kifupi, yaliyotangulia ni haya. Marvel ilikuwa kampuni ya vitabu vya katuni. Soko la vitabu hivyo likaporomoka, na Desemba 1996 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kuzidiwa na madeni. Katika miaka hiyo ya shida, na hata kabla yake, ilikuwa ikitoa haki za kutengeneza filamu za wahusika wake kwa yeyote mwenye fedha: Fantastic Four kwa Constantin ya Ujerumani, X-Men kwa Fox, na mwaka 1999 Spider-Man kwa Sony. Disney walipobisha hodi 2009, mikataba hiyo ilikuwa imeshakauka wino.

Hapo ndipo penye kiini, na neno lililonipoteza ni "kuuza". Marvel hawakumuuza Spider-Man. Walimkodisha.

Tuseme mzee mmoja ana shamba la michikichi nje kidogo ya Ujiji. Mwaka umekuwa mbaya, ada za watoto zinadaiwa, na dukani ana deni. Anamwita mtu mwenye fedha, anamwambia: ile michikichi kumi iliyo karibu na kijito, chukua wewe uvune. Unanipa fedha kidogo sasa, na kila ukikamua mawese unanigawia kiasi. Ila nina sharti moja. Ukikaa muda tuliokubaliana bila kupanda kukata mkungu hata mmoja, michikichi inarudi kwangu na hatudaiani.

Miaka kumi baadaye anakuja tajiri kutoka mbali, analipenda shamba, analinunua lote. Hati inasema limekuwa lake: udongo, kibanda, michikichi yote mpaka ile kumi ya kijitoni. Asubuhi anaamka, anasikia panga juu ya mti. Ni yule mpangaji, yuko kileleni anakata mikungu, wala hana wasiwasi. Tajiri anaweza kupiga kelele hadi sauti ikauke. Alichonunua ni shamba pamoja na ahadi zake. Amekaa kwenye kiti cha mzee, na kiti hicho kina haki ya kupokea mgawo wa mawese. Hakina haki ya kumshusha mtu mtini.

Ndivyo ilivyo kwa Disney. Spider-Man kama mhusika, kwenye kitabu, ni wa Marvel, na kwa hiyo ni wa Disney. Haki ya kumtengenezea filamu ni ya Sony, maadamu Sony wanaendelea kupanda mti.

Na mti wenyewe una saa. Mwaka 2014 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya Sony na nyaraka nyingi zikamwagika hadharani, ukiwamo mkataba wao na Marvel wa mwaka 2011. Kwa mujibu wa nakala hiyo, Sony wanatakiwa kuanza kupiga picha za filamu mpya ndani ya miaka 3 na miezi 9 baada ya iliyotangulia kutoka, na kuitoa sokoni ndani ya miaka 5 na miezi 9. Kama masharti hayo yamerekebishwa kimya kimya baadaye, sisi wa nje hatuwezi kuona. Ila tazama kalenda: filamu ya tatu ilitoka Mei 2007, iliyofuata ikatoka Julai 2012, ikiwa na mwigizaji mpya na hadithi iliyoanzishwa upya. Watu wengi waliuliza kwa nini wanasimuliwa tena habari za buibui kumuuma kijana, wakati ile ya kwanza bado inakumbukwa. Miaka mitano na miezi miwili. Sisemi saa ndiyo sababu pekee, lakini ilikuwa inagonga.

Kwamba sharti hili lina meno, muulize Daredevil, mhusika mwingine wa Marvel. Alikuwa kwa Fox, Fox wakachelewa, na 2013 ikathibitishwa amerudi Marvel. Hakukuwa na kesi wala bei. Muda ulikwisha tu.

Kituko ninachokipenda kuliko vyote ni cha Fantastic Four. Constantin walikuwa na haki ambayo ingekufa mwisho wa mwaka 1992 kama hawajaanza kazi. Siku chache tu kabla mwaka haujaisha wakaanza kupiga filamu kwa bajeti ya kama dola milioni 1, kiasi ambacho kwa filamu ya watu wanaoruka na kuwaka moto ni nauli. Ikakamilika, waigizaji wakaanza kuitangaza wenyewe, kisha ikafungiwa. Haijawahi kuonyeshwa rasmi kwenye majumba ya sinema mpaka leo. Ni kama mpangaji aliyekwea mchikichi jioni ya siku ya mwisho, akakata mkungu mmoja mbele ya mashahidi, akautupa kijitoni. Hapa lazima niwe mwangalifu: Stan Lee wa Marvel alisema filamu ile haikukusudiwa kuonyeshwa tangu mwanzo, na mtayarishaji wake, Bernd Eichinger, alikana. Kinachojulikana ni kwamba haki zilibaki, na mwaka 2005 ikatoka Fantastic Four ya fedha nyingi.

Kutokana na kisa hicho, mashabiki wengi husema kwamba hata zile filamu za Sony zisizo na Spider-Man mwenyewe, kama Venom ya 2018 au Morbius ya 2022, zinatengenezwa ili kulinda haki. Niliwahi kusema hivyo na mimi. Lakini ushahidi ni mwembamba. Filamu za Spider-Man zenyewe zilitoka 2017, 2019 na 2021. Saa ilikuwa ikirudishwa mwanzo bila msaada wa Morbius. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba mpangaji ameona michikichi mingine ndani ya mpaka wake na anajaribu kama ina mafuta. Mingine inayo, mingine mmejionea.

Sasa rudi kwenye chikichi, kwa sababu wasomaji wa Kigoma mna faida ambayo wa Dar es Salaam hawana. Tunda moja la chikichi lina mafuta mawili. Nyama ya nje inatoa mawese, mekundu. Ukivunja kokwa la ndani, unapata mise, na mise nayo ina mafuta yake, na sabuni yake, na soko lake. Spider-Man naye ana mafuta mawili: filamu, na vitu vyenye sura yake, kuanzia midoli na fulana hadi mabegi ya shule. Mwanzoni Sony walikuwa na fungu katika yote mawili. Mwaka 2011 Disney wakaenda kwa mpangaji, wakanunua fungu lake la mise. Tangu hapo Sony wanakamua mawese, Disney wanavunja kokwa.

Ndiyo maana makubaliano ya 2015, yaliyomruhusu Spider-Man kuonekana katika filamu ya Disney ya 2016, hayakuwa wema wa mtu. Sony waliendelea kulipia filamu zake zenyewe, kuzisambaza na kubaki na neno la mwisho. Disney nao walijua kwamba kila kijana akimpenda Spider-Man upya, kuna begi linauzwa mahali. (Begi la mtoto wa dada yangu, lililonunuliwa mnadani, lina Spider-Man mwenye macho matatu. Hilo nadhani halikumnufaisha yeyote kati yao.)

X-Men walirudi kwa njia nyingine kabisa. Machi 2019 Disney walikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71.3. Badala ya kusubiri mpangaji achoke, walimnunua mpangaji mwenyewe, pamoja na panga lake. Kwa Sony njia hiyo si rahisi, maana Sony ni jitu lenye miguu yake, linalouza mpaka redio na televisheni.

Na ukidhani umeelewa, kuna Florida. Mwaka 1994, Marvel ikiwa bado haijawaza Disney, iliingia mkataba na Universal, studio mshindani wa Disney, kuhusu bustani za michezo. Mpaka uliowekwa ni mto Mississippi: mashariki yake, wahusika kadhaa wakubwa wa Marvel wanaotumika kwenye bustani ya Universal hawawezi kutumika kwenye bustani ya mshindani. Bustani kubwa kuliko zote za Disney iko Florida, mashariki ya mto. Matokeo yake, Disney walio na Marvel nzima hawana ruhusa ya kumsimamisha Spider-Man apige picha na watoto katika uwanja wao wenyewe pale, wakati jirani yao Universal ana bembea na treni za Marvel tangu 1999. Kule California, magharibi ya mto, Disney walifungua eneo lao la Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, mwaka 2021 bila tatizo. Ni kama uwe na kiwanda cha mawese Kigoma, halafu uambiwe chapa yako ni halali mpaka Malagarasi. Ukivuka daraja, ni ya mwenzio.

Ule ugomvi wa Agosti 2019 ulidumu kama mwezi mmoja. Kwa ilivyoripotiwa, Disney walitaka kuchangia nusu ya gharama na kuchukua nusu ya faida, Sony wakakataa. Septemba wakakubaliana kwa robo, na Disney wakabaki na mabegi yao. Benchi la mbele lilishangilia kama tumeshinda, la nyuma vilevile.

Kijana wa Kibirizi hakushangilia. Alisema kwao mtumbwi mmoja umekodishwa tangu babu yake yuko hai, na mwenye kuukodi hajawahi kukosa kwenda ziwani mwezi hata mmoja, mvua au upepo, maana anajua mkataba unasemaje. Siku hizi mwenye kibanda akirusha mwanzo wa filamu, tunampigia kelele arudishe. Tunataka kuona ni mama wa mwenge au ni ile ngome ya Disney.