Je, wajua kwa nini mwenye uvimbe kwenye ugwe wa mgongo hupasuliwa angali anatembea?

Ndugu wa mgonjwa wengi hukwama hapa. Mtu wao ameingia hospitali kwa miguu yake, anaburuta mguu mmoja kidogo na vidole vina ganzi, basi. Daktari anaangalia picha za MRI na kusema kuna uvimbe, apasuliwe mapema. Swali linalofuata ni la haki kabisa: anatembea, mnakwenda kumgusa uti wa mgongo wa nini? Si ndiko watu wanakotoka wamepooza?

Tuanze na maneno, maana nayo huchanganya. Kwa Kiswahili cha kila siku, uti wa mgongo ni pingili za mfupa, na ni hicho kilichomo ndani yake pia. Hicho cha ndani ndicho ugwe wa mgongo: kamba laini ya mishipa ya fahamu, urefu wake kama sentimeta 45 kwa mtu mzima, unene karibu na wa kidole chako kidogo. Amri ya kupiga hatua hupita humo, hisia za miguu hupita humo, na hata uwezo wa kubana mkojo. Kamba hiyo imelala ndani ya mfereji wa mfupa, na mfupa hautanuki. Kitu kikiota mle, kinachosukumwa ni ugwe.

Na ugwe ni mvumilivu kupita kiasi. Uvimbe unaokua taratibu unaweza kuubana miaka mpaka ukabaki bapa kama utepe, na mwenyewe bado anakwenda sokoni. Kisha vishipa vidogo vya damu vinaminywa, ugwe wenyewe unavimba, damu haifiki vizuri, na nyuzi za fahamu zinaanza kufa. Mshipa wa fahamu wa mkono ukiumia unaweza kuota tena polepole. Nyuzi za ugwe hazioti hivyo. Kisu kinaondoa mbano. Nyuzi zilizobanwa tu hurudi kazini, zilizokufa zimekwenda. Ndiyo maana hali aliyo nayo mgonjwa siku ya kuingia chumba cha upasuaji ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote cha hali atakayokuwa nayo baadaye.

Kuna waliopona hata baada ya kupooza, na wa kwanza kujulikana sana alipasuliwa London tarehe 9 Juni 1887. Alikuwa na maumivu ya mgongo kwa miaka, akapita kwa madaktari wengi, mwishowe miguu ikakataa. Daktari William Gowers alikisia mahali penye uvimbe kwa kufuata ganzi na maumivu tu, kwa kuwa hata eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Victor Horsley akapasua, akakuta hakuna kitu, akaendelea kutoa mfupa juu zaidi, ndipo akaukuta. Mwaka uliofuata mtu yule alikuwa anatembea na kufanya kazi. Bahati yake ni kwamba uvimbe ulikuwa nje ya ugwe, ukiuegemea tu. Uvimbe wa namna hiyo, unaoota kwenye utando au kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu, mara nyingi si saratani na huweza kutolewa wote.

Ulioota ndani ya ugwe ni habari nyingine. Mwaka 1911 Charles Elsberg na Edwin Beer wa New York walieleza njia ambayo mimi huiona ya busara hadi leo: kuupasua ugwe kidogo katikati kwa nyuma, kuacha, na kusubiri siku kadhaa. Shinikizo la ndani lenyewe linausukuma uvimbe nje, kisha daktari anarudi kuuchukua. Siku hizi kazi hufanywa kwa mara moja, chini ya darubini, kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachovunjavunja uvimbe na kuufyonza. Huku mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, mashine inapitisha ishara ndogo za umeme kutoka kichwani hadi miguuni. Ishara zikififia, daktari anasimama. Uvimbe wa ndani ya ugwe una aina zake: ule uitwao ependimoma huwa na mpaka na ugwe, hivyo mara nyingi hutoka wote. Aina nyingine, astrositoma, hujipenyeza katikati ya nyuzi, na daktari mwenye hekima huacha kipande kuliko kuchukua miguu ya mtu.

Familia iambiwe mapema: baada ya upasuaji wa ndani ya ugwe, wengi huamka wakiwa dhaifu kuliko walivyoingia. Kwa kuwa njia ya kisu hupita kwenye nyuzi zinazoujulisha ubongo mguu uko wapi, mgonjwa anaweza kuwa na nguvu lakini akifumba macho hajui amekanyaga wapi. Kwa wengi hali hiyo hupungua kwa wiki na miezi ya mazoezi ya viungo. Anayeingia akiwa tayari amelala kitandani ana nafasi ndogo zaidi ya kusimama.

Kwa saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi, pafu au tezi dume na kubana ugwe, tuna takwimu. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 101, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet, ulilinganisha waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi na waliopewa mionzi peke yake. Waliopasuliwa, asilimia 84 walitembea baada ya matibabu. Wenzao, asilimia 57. Waliokuwa wamepooza kabisa kwa zaidi ya saa 48 hawakuingizwa kwenye utafiti huo.

Lakini si kila kinachobana ugwe ni cha kisu. Kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu cha mifupa hubana vilevile, na wengi hutibiwa kwa dawa. Mtoto mwenye saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, anaweza kupooza miguu ghafla. Huyo dawa za saratani ndizo tiba yake, na zinahitajika haraka.

Kwa hiyo maumivu ya mgongo yanayozidi usiku ukilala, ganzi inayopanda kutoka nyayo kuelekea kiunoni, miguu kujikwaa sakafu ikiwa tambarare: nenda navyo hospitali, ueleze vilianza lini. Mkojo ukianza kugoma au kutoka wenyewe, nenda siku hiyohiyo.