Kifafa cha sehemu: pale mgonjwa asipoanguka

Wengi wetu tukisikia kifafa, picha inayotujia ni ya mtu kaanguka, anatupa mikono na miguu, povu linamtoka. Lakini kuna kifafa kisichoangusha. Mama anakata mchicha. Ghafla kisu kinasimama, macho yanaganda, anatafuna mdomo mtupu huku akivutavuta ncha ya kanga. Ukimwita haitiki. Baada ya dakika moja au mbili anazinduka kachanganyikiwa, na hakumbuki kitu.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Katika kifafa cha sehemu, umeme huo huvurugika mahali pamoja tu, na dalili hutegemea ni wapi. Pakiwa panapoongoza mkono, kidole gumba huanza kuchezacheza, kisha mkono mzima. Pakiwa pembeni mwa kichwa, karibu na sikio, mgonjwa anaweza kusikia harufu isiyokuwepo, au kuhisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Wapo wanaobaki na fahamu zao zote. Na vurugu hiyo ikisambaa ubongo mzima, hapo ndipo mtu huanguka.

Chanzo mara nyingi ni kovu kwenye ubongo: ajali, kiharusi, malaria kali, au lava wa tegu wa nguruwe (aina ya mnyoo). Wakati mwingine chanzo hakionekani.

Kwa kuwa haanguki, watu hawamwoni kuwa mgonjwa. Mwanafunzi huitwa mzembe kwa kupitwa na nusu ya somo. Mtu mzima huambiwa amelewa, ana kiburi, au ana pepo. Kwangu mimi hilo huumiza kuliko dalili zenyewe, maana humchelewesha kufika hospitali. Hatari nyingine ni za kila siku: jiko la mafiga, kisima, kuogelea, kuvuka barabara. Bodaboda asiendeshe mpaka daktari aridhike kwamba dalili zimedhibitiwa. Kupika, apike, ila jiko liinuliwe na awepo mtu karibu.

Dawa zipo, kama kabamazepini. Humezwa kila siku, na kuziacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kikali zaidi.

Hali ikimjia, usimkamate kwa nguvu wala usimtie kitu mdomoni. Mwelekeze taratibu mbali na moto au barabara, ukae naye mpaka akili itulie. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Ukiweza, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari, kwa sababu kliniki mara nyingi mgonjwa hufika akiwa mzima kabisa.