Ukuta wa Chokaa Hautibiwi kwa Saruji: Dhana Potofu za Wenye Nyumba za Mapumziko katika Vijiji vya Uingereza

Kila majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, wenye nyumba za mapumziko katika vijiji vya Cotswolds huniita niwakagulie kuta, na kabla sijavua koti huwa wameshanipa jibu: nyumba ni kuukuu, unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa hiyo dawa ni kupiga lipu ya saruji nje, kupaka rangi isiyopitisha maji ndani na kuziba kila upenyo. Nimeyasikia maneno hayo kwa Waingereza kutoka London na kwa familia za Kikenya na Kitanzania zilizochanga fedha kununua nyumba, na nakiri kwamba subira yangu imepungua.

Nyumba nyingi za vijiji hivyo zilijengwa kabla ya mwaka 1919, kwa kuta nzito za mawe zisizo na uwazi katikati, zilizoungwa kwa chokaa. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, na mafundi wa vijijini waliendelea na chokaa yao kwa miongo mingi baada ya hapo. Ukuta wa chokaa hupokea maji kiasi mvua inaponyesha, kisha huyaachia yakauke kwa upepo na jua. Ukiuvika saruji, lipu hiyo ngumu hupata nyufa nyembamba, maji huingia humo, na hayapati pa kutokea isipokuwa upande wa sebule. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hakupaswa kuambiwa hili, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huharibika vivyo hivyo zikipigwa saruji.

Isitoshe, mara nyingi maji yanayoonekana ukutani hayakutoka ardhini wala mvuani, bali kwa wakazi wenyewe. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 hubeba hadi takriban gramu 17 za mvuke. Ikipoa mpaka nyuzi 5 hubeba takriban gramu 7 tu, na mvuke unaozidi hugeuka maji juu ya chochote kilicho baridi. Sasa familia hufika Ijumaa usiku, ikawasha joto mpaka mwisho, ikapika, ikaoga na kuanika nguo juu ya vipasha joto. Hewa hupata joto haraka, ilhali ukuta wenye unene wa nusu meta huhitaji siku kadhaa. Jumapili jioni huzima kila kitu, hufunga madirisha kwa komeo na kuondoka, mvuke wote ukiwa umefungiwa ndani. Wakirudi hukuta kuvu nyeusi nyuma ya kabati, nao huilaumu ardhi.

Hapo ndipo huitwa muuzaji wa sindano za kemikali, zinazodungwa ukutani eti zizuie unyevu wa ardhini, ambaye hudunga ukutani kipimo chenye pini mbili, kikalia, na mteja akashtuka. Kipimo hicho kwa kawaida husanifiwa kwa ajili ya mbao. Hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi zilizomo katika kuta kuukuu hukidanganya kwa urahisi. Ripoti ya unyevu inayotegemea kipimo hicho peke yake siikubali.

Ninachoshauri ni kuacha joto dogo la nyuzi 10 hadi 12 likiendelea majira yote ya baridi, jambo ambalo pia hukinga mabomba yasipasuke kwa barafu. Kutoziba matundu ya hewa. Kusogeza makabati mbali kidogo na kuta za nje. Na kusafisha mifereji ya paa majani ya vuli yakishaanguka. Zaidi ya yote, uondoe udongo wa bustani uliorundikana nje mpaka ukapita usawa wa sakafu. Koleo limenikaushia kuta nyingi kuliko sindano yoyote niliyowahi kuiona.

Kuna wanaoamini kwamba jengo lililoorodheshwa kisheria kuwa la kihistoria, kwa Daraja la II, hulindwa sura ya mbele tu. Ulinzi huo hufika ndani, ngazi na lipu ya zamani zikiwemo, na kubadilisha tabia ya jengo bila kibali ni kosa la jinai.

Wengine hutarajia punguzo la kodi ya halmashauri kwa kuwa nyumba hukaa tupu. Mambo ni kinyume: tangu tarehe 1 Aprili 2025 halmashauri za England zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 100 juu ya kodi ya nyumba ya pili yenye samani. Kwa wanaonunua wakiwa Nairobi au Dar es Salaam, hati ya nyumba haileti haki ya ukaazi. Viza ya mgeni kwa kawaida huishia miezi 6 kwa safari moja.

Na kama njia ya umma ya waenda kwa miguu inakatiza bustani yako, huruhusiwi kuifunga kwa kufuli eti kwa sababu umelipa fedha nyingi. Wanakijiji wataendelea kupita na mbwa wao, na sheria iko upande wao.