Vumbi la matairi: sumu inayozaliwa barabarani

Tukitaja maikroplastiki, yaani vipunje vidogo sana vya plastiki, akili za wengi zinaenda moja kwa moja kwenye chupa za maji na mifuko. Sawa, hizo zipo. Ila kuna chanzo kingine kikubwa sana ambacho hatukitaji kabisa, nacho ni tairi. Tairi linatoka dukani na kashata nene, yaani yale meno yake ya juu, likishapiga kilomita zake linakuwa kipara, sasa jiulize ile raba iliyopotea imeenda wapi? Haijayeyuka hewani. Imesagika ikawa punje ndogo ambazo nyingi jicho halizioni, zimelala barabarani, nyingine zimepeperushwa na upepo, na mvua ikinyesha zinasombwa mpaka mtaroni, kutoka mtaroni zinaingia mtoni, na mto unajulikana unakoenda. Tairi moja la gari dogo linapoteza kilo moja mpaka moja na nusu hivi kabla halijatupwa, na makadirio yaliyotolewa 2017 yanasema dunia nzima inazalisha karibu tani milioni 6 za vumbi hili kila mwaka.

Na tairi sio raba tupu. Ndani kuna raba ya mti, raba ya kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, masizi meusi, salfa, zinki oksaidi, na kemikali kibao za kulifanya lidumu. Kwenye hizo kemikali kuna moja inaitwa 6PPD, imetumika tangu miaka ya 1960 na leo iko karibu kila tairi, yaani la daladala, la bodaboda, la lori, la gari la bosi. Nataka niieleze hii kwa urefu maana kisa chake kimetufundisha sisi watu wa maabara za maji jambo zito sana.

Kisa chenyewe kilitokea jimbo la Washington huko Marekani, mitaa ya Seattle na ghuba ya Puget Sound. Kuna samaki anaitwa salmoni koho, anazaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini, akishakomaa anarudi mtoni kutaga mayai. Miaka ya 1990 watu wa Seattle walitumia hela na nguvu nyingi kusafisha vijito vya mjini, kwa mfano Longfellow Creek, ili koho warudi. Na kweli walirudi, lakini mvua za vuli zikianza tu wanakufa ndani ya masaa machache, na ukimpasua jike unakuta tumbo bado limejaa mayai, hajataga hata moja. Kwenye baadhi ya vijito ilikuwa ni kati ya asilimia 40 na 90 ya samaki waliorudi. Kabla ya kufa samaki anapanda juu juu ya maji, anapanua mdomo kama anakosa hewa, anazunguka, anapoteza balansi, analala ubavu, basi.

Wataalam walipima kila walichokijua. Joto la maji, oksijeni, magonjwa, dawa za kuulia wadudu, shaba inayotoka kwenye breki, hakuna kilichojibu. Wakachanganya wenyewe maji yenye metali na mabaki ya mafuta kama yale ya barabarani, samaki wakabaki wazima. Ila wakikinga maji halisi ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye barabara kuu na kuwaweka koho humo, wote wanakufa. Ina maana muuaji yumo, ila hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Timu ya Edward Kolodziej na Zhenyu Tian wa Chuo Kikuu cha Washington kule Tacoma, pamoja na Jenifer McIntyre wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, wakahamia kwenye matairi. Waliyapara, wakaloweka chengachenga zake kwenye maji, samaki wakafa vilevile. Kwenye yale maji mlikuwa na kemikali kama 2,000, wakawa wanayagawa mafungu mafungu na kila fungu wanalijaribu kwa samaki, mpaka wakabaki na kitu kimoja chenye fomula C18H22N2O2. Wakakitafuta kwenye orodha za kemikali za viwandani, hakipo! Tian ndio akafikiria kwamba pengine hakitengenezwi na kiwanda chochote, kinatokea chenyewe huku nje, na alipoangalia 6PPD ambayo ni C18H24N2 akaona inafanana nacho, imepungua haidrojeni mbili tu na kuongezeka oksijeni mbili. Wakaipiga 6PPD kwa gesi ya ozoni maabara, kikatoka kitu kilekile, wakakipa jina 6PPD-kwinoni, na matokeo yakachapishwa Desemba 2020.

Sasa inakuwaje? Hewa ya karibu na ardhi ina ozoni, na ozoni inakula raba mpaka inapasuka nyufa. 6PPD imewekwa kama mlinzi, inapanda taratibu mpaka kwenye ngozi ya tairi ili ozoni ikutane nayo kwanza kabla ya raba. We mwenyewe ushawahi kuiona kazi yake, ile rangi ya kahawia inayotokea ubavuni kwenye tairi la gari lililopaki muda mrefu, wengi wanadhani ni uchafu wanasugua na sabuni, kumbe ni dawa hizo za kuzuia ozoni zimetoka nje. Zikishapambana na ozoni, sehemu yake inageuka kuwa hiyo kwinoni.

Ukali wake unatisha. Kwa koho, nanogramu 95 hivi (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwenye lita moja zinatosha kuua nusu ya samaki, yaani bwawa la kuogelea la Olimpiki lenye lita milioni 2.5 linahitaji kama robo gramu tu. Inavujisha mishipa ya damu hasa kwenye ubongo, majimaji yanatoka, damu inabaki nzito.

Na hapa ndio penye jambo lenyewe. Salmoni mwingine anaitwa chamu, ndugu kabisa wa koho, akiwekwa kwenye maji yaleyale anaogelea tu. Zebrafishi na medaka, ambao maabara nyingi duniani zinawatumia kupimia sumu, hawakufa. Ina maana kama ingepimwa kwa hao tungeandika "salama" tukafunga faili. Halafu waliokuwa wanapima kabla walikuwa wanapima 6PPD yenyewe, hawapimi inachogeuka ikishatoka kiwandani. Mimi nadhani hili ndio pengo kubwa la sheria za kemikali popote pale, tunakagua kinachoingia sokoni na hatukifuatilii kinakuwa nini kikishakutana na hewa, jua na maji. Watafiti wa Kanada mwaka 2022 wakaonyesha trauti nao wanakufa, akiwemo trauti wa upinde wa mvua, kwa kama mikrogramu 1, yaani nanogramu 1,000, kwa lita. Huyo ndiye anayefugwa kwenye maji baridi ya mlima Kenya, kwa hiyo mfugaji mwenye bwawa chini ya barabara ya lami hakikisha mtaro wa barabara haumwagi kwako.

Kwingine kwa haraka. Zinki ya tairi nayo inavuja na inasumbua viumbe wadogo wa majini. Watafiti wa Vienna waliotesha letasi kwenye maji yenye kemikali za tairi wakakuta mizizi imezinyonya mpaka kwenye majani, kwa hiyo wanaopanda mboga ndani ya matairi chakavu naomba mtumie ndoo au magunia. Zile punje nyeusi kwenye viwanja vya nyasi bandia ni matairi yaliyosagwa, na Umoja wa Ulaya umeshaamua 2023 kuziondoa sokoni ndani ya miaka minane.

Je, tupige marufuku 6PPD kesho? Hapana, tairi bila kinga linapasuka na watu watakufa barabarani. Makabila asilia ya Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup waliiomba serikali ya Marekani ichukue hatua, ikakubali Novemba 2023, na California inawadai watengenezaji watafute mbadala. Wakati mbadala unatafutwa kuna dawa rahisi ambayo tayari ilijaribiwa kwa koho: maji ya barabara yalipitishwa kwanza kwenye udongo wa mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40, wakapona wote. Mainjinia wa manispaa, hiyo inawezekana hapa kwetu pembeni ya mitaro inayoingia mto Msimbazi, Dar es Salaam, kabla ya maji kufika mtoni. Na wenye magari jazeni upepo unaotakiwa, maana tairi lenye upepo mdogo linalika haraka.

Kwa wanafunzi na wenzetu wa maabara mnaotaka kupima: chukueni sampuli mvua inapoanza tu kutiririka, kwa sababu maji ya mwanzo ndio yanabeba mzigo, ukienda siku mbili baadaye utakuta maji yameshajisafisha. Tumieni chupa za kioo cha kahawia, sio plastiki wala mipira ya kunyonyea, hiyo kwinoni inaganda kwenye mpira na plastiki halafu mashine itakusomea chini ya kilichopo.