Siku za Kuwakumbuka Marehemu, na Marehemu Asiye na Mtu

Jamii nyingi duniani zimewatengea wafu wao siku ndani ya mwaka. Nchini China ipo Qingming, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, ambapo watu hufunga safari kwenda kufagia makaburi ya wazee wao. Wahindu wana Pitru Paksha, majuma mawili ya kuwatolea mababu mabonge ya wali, na Wakorea hufyeka nyasi za makaburi kabla ya sikukuu ya Chuseok. Sisi tunaoelimisha umma kuhusu mila na desturi huulizwa mara nyingi kama siku hizi ni za huzuni au za furaha. Swali hilo lina haki yake, lakini naona liko jingine linaloifunua jamii kwa undani zaidi: siku hiyo inamfanyia nini marehemu asiye na mtu, yule aliyekufa bila kuacha mtoto, au aliyefia ugenini na kaburi lake halijulikani?

Tuanze na Mexico. Huko huaminiwa kwamba tarehe 1 Novemba watoto waliofariki hurudi kuzitembelea nyumba zao, na tarehe 2 hufuata watu wazima. Nyumbani huandaliwa meza iitwayo ofrenda, iliyopambwa kwa karatasi za rangi zilizotobolewa nakshi, na juu yake huwekwa picha za marehemu, mishumaa, chumvi, uvumba wa copal, mkate mtamu wenye vipande vya unga vilivyofinyangwa mfano wa mifupa, na bilauri ya maji, maana mgeni aliyetoka safari ndefu hufika na kiu. Kisha huongezwa kile ambacho marehemu mwenyewe alikipenda: bibi aliyependa maharage hupikiwa maharage, na babu aliyevuta sigara huwekewa sigara yake. Petali za ua la cempasúchil, lenye rangi ya chungwa na harufu kali, humwagwa kutoka mlangoni hadi mezani ili anayerudi asipotee njia. Katika kisiwa cha Janitzio, ndani ya ziwa Pátzcuaro, familia hukesha makaburini usiku kucha. UNESCO iliiingiza desturi hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Gwaride kubwa la Mexico City, ambalo wengi wetu tumeliona kwenye televisheni, ni jambo la juzi tu, kwani lilianza mwaka 2016. Kiini cha siku hii kiko kwenye meza ya nyumbani na kwenye kaburi. Na katika nyumba nyingi, pembeni mwa meza hiyo, huwashwa mshumaa mmoja usio na picha, kwa ajili ya ánima sola, roho iliyo peke yake, isiyo na nyumba ya kurudi.

Wajapani nao huadhimisha Obon, katikati ya Agosti sehemu nyingi za nchi na Julai katika maeneo kama Tokyo. Chimbuko lake ni kisa cha mwanafunzi wa Buddha, ambaye wao humwita Mokuren, aliyemwona marehemu mama yake akiteseka miongoni mwa wafu wenye njaa. Kila chakula alichompa kiligeuka moto kabla hakijafika kinywani. Alielekezwa awatolee watawa sadaka siku ya 15 ya mwezi wa saba, na mama akaokoka. Hadi leo moto mdogo huwashwa mlangoni kuwapokea wafu, na mwingine kuwaaga. Baadhi ya familia hutengeneza farasi kwa tango na ng'ombe kwa biringanya, vyote vikisimama kwa miguu ya vijiti: farasi awalete wafu mbio, ng'ombe awarudishe taratibu. Lakini mahekaluni hutengwa pia chakula cha wafu wasio na jamaa. Katika hekalu la Adashino Nenbutsu-ji mjini Kyoto kuna mawe ya makaburi yapatayo 8,000 ya watu ambao hawakuwa tena na wa kuwahudumia, yakakusanywa mahali pamoja, na kila mwaka mwishoni mwa Agosti watu huja kuyawashia mishumaa.

Kwetu, anayehudhuria hitima pwani huisikia dua ikiwajumuisha wasio na wa kuwaombea. Wakatoliki, ambao kumbukumbu yao ya 2 Novemba inatokana na Odilo, abate wa Cluny, nao hufanya vivyo hivyo: mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Papa Benedict XV alimruhusu kila padri kuadhimisha misa tatu siku hiyo, moja ikiwa ya marehemu waamini wote.

Vita hivyo vilituachia deni ambalo bado halijalipwa. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi, nao ndio asili ya jina la Kariakoo. Kila Novemba nchi za Jumuiya ya Madola huwakumbuka askari wao kwa majina yaliyochongwa kwenye mawe, ilhali mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi hayo ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nasema bila kusita kwamba kumbukumbu ya namna hiyo ina upungufu mkubwa, hata ikipigiwa tarumbeta.

Rwanda imelikabili swali hili kwa namna ya pekee. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, iitwayo Kwibuka, huanza 7 Aprili kwa juma la maombolezo ambamo starehe husitishwa, na huendelea kwa siku 100. Zipo familia ambazo hakubaki hata mmoja, si mtoto wala mzazi, wa kwenda kaburini. GAERG, chama cha wahitimu wa vyuo walionusurika, kilizitafuta familia hizo wilaya kwa wilaya, kikaorodhesha zaidi ya 15,000, na kila mwaka huandaa kumbukumbu yao. Wanaohudhuria huomboleza watu ambao si wa damu yao, kwa sababu wenye damu hiyo hawapo.