Kubana DVD bila kuharibu picha: nakala kamili kwanza, nakala ndogo baadaye

Video iliyomo kwenye DVD imekwisha kubanwa. Iko katika MPEG-2, mfumo wa kubana video wa DVD, na kikomo chake ni megabiti 9.8 kwa sekunde, ingawa diski nyingi hukaa chini sana ya hapo. Ukiibana tena unakibana kilichokwisha kubanwa, na chembe ya picha inayopotea hairudi hata kwa programu ghali. Ndiyo maana nasisitiza kazi hii iwe mbili: kwanza unahifadhi diski jinsi ilivyo, halafu, ukihitaji faili dogo, unalitengeneza kutoka kwenye nakala hiyo. Usilitengeneze kamwe kutoka kwenye faili dogo jingine.

Diski ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Diski ngumu za leo zinameza mamia ya nakala za namna hiyo, kwa hiyo ukubwa peke yake si sababu ya kuitupa nakala kamili. Ukitaka menyu na kila kitu, hifadhi diski nzima kama faili la ISO, yaani faili moja lenye kila kilichomo. Ukitaka video yenyewe tu, programu ya MakeMKV itaichota na kuiweka ndani ya faili la MKV bila kugusa hata biti moja ya picha. Kunakili mafaili ya VOB (ndimo video ya DVD inamokaa) na kuyaunganisha kwa mkono ni njia mbaya: hesabu ya muda inaweza kuanza upya katikati, na sauti ikaachana na midomo.

Kama diski ina mikwaruzo au ni ya kuchomwa nyumbani na imezeeka, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data inayoendeshwa kwa amri za maandishi, kabla ya kitu kingine chochote. Mzunguko wa kwanza huchukua haraka sehemu zilizo nzima, wa pili hurudi kwenye sekta (vipande vidogo vya diski) sugu; /dev/sr0 ni jina la kiendeshi cha DVD kwenye Linux:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map

Faili la map linakumbuka sekta zilizokwisha kusomwa, kwa hiyo unaweza kuihamishia diski kwenye kiendeshi kingine ukaendelea ulipoachia. Viendeshi havisomi sawasawa. Sekta iliyokishinda kimoja, kingine huisoma.

Sasa kubana. Kosa linaloharibu DVD nyingi kuliko lolote ni mistari inayopishana. Video iliyopigwa kwa kamera za televisheni huhifadhi kila fremu kama nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti: mistari ya shufwa na mistari ya witiri. Ukiibana bila kuzitenganisha, kila kinachotembea huota meno kama ya chanuo, na meno hayo hubaki ndani ya faili milele. Simamisha video mahali mtu anapopunga mkono. Ukiyaona meno, katika HandBrake, programu ya kubana video, chagua kichujio cha kuyaondoa: Bwdif au Yadif. Kwa michezo na ngoma napendelea hali ya Bob, kwa sababu inazigeuza nusu 50 za kila sekunde kuwa fremu 50 kamili na mwendo unabaki laini. Lakini angalia kasi ya fremu: mipangilio mingi ya HandBrake huweka ukomo wa 30, na hapo sehemu kubwa ya ulichookoa inatupwa kimyakimya. Filamu ya sinema kwenye diski ya NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani) ni habari nyingine. Fremu 24 kwa sekunde zilitandazwa kufikia 29.97, na dawa yake ni kichujio cha Detelecine, kinachozirudisha kuwa 24. Ukiipa Bob, utaongeza fremu zisizo na kazi na mwendo utabaki wa kugugumia.

Kwa ubora, acha kulenga ukubwa wa faili. Tumia x264, kibanaji kilichomo ndani ya HandBrake, kwa ubora usiobadilika, RF 18 hadi 20 (namba ndogo ni ubora zaidi), kasi ya Slow. Namba ikishuka kwa 6 hivi, faili huongezeka karibu mara mbili, kwa hiyo kwenda 14 ni kununua hewa. Ukilazimisha kila filamu iwe megabaiti 700, yenye mvua, moshi na umati itakatika vipandevipande, huku ya watu wawili wakizungumza mezani ikipewa biti isizozihitaji. Pale giza linapofanya ngazi ngazi badala ya kufifia taratibu, x265, kibanaji kipya zaidi, ya biti 10 hunisaidia zaidi kuliko kushusha RF.

Jaribu kwa dakika mbili ngumu kabla ya kubana saa mbili: maji yanayotembea, usiku, nywele. Tazama kwenye skrini kubwa. Mandhari ya mchana yenye utulivu hupita hata kwa mipangilio mibovu, hivyo hayapimi chochote.

Usikuze picha. DVD ya PAL (mfumo wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika) ni pikseli 720×576, ya NTSC 720×480, na pikseli zake si za mraba. Uwiano wa 16:9 au 4:3 huandikwa pembeni ili kichezeshi kiivute picha wakati wa kuonyesha. Uwiano huo ukipotea, watu wa filamu ya 16:9 wanakuwa wembamba na warefu. Kukuza hadi 1080 hakuongezi undani wowote, kunaongeza uzito tu. Rangi nazo zina alama yake: DVD hutumia kanuni ya rangi ya BT.601, na kichezeshi kikidhani ni BT.709 ya video za HD, nyekundu na kijani huhama kidogo.

Sauti ya AC-3 (Dolby Digital) ipitishe bila kuibana upya. Kilobiti 448 kwa sekunde kwa saa mbili ni kama megabaiti 400, nayo ikibanwa upya hupoteza kama picha inavyopoteza. Manukuu ya DVD ni picha, si maandishi. Yaache kama njia ya pembeni ndani ya MKV, usiyachome juu ya video.

Mwisho, chukua alama ya SHA-256 (namba inayobadilika faili likibadilika hata kidogo) ya kila ISO, iweke kwenye faili la maandishi kando yake, na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine inayokaa jengo jingine. Kila mwaka endesha sha256sum -c juu ya zote mbili. Nakala moja ikikataa, irudishe kutoka kwenye ile iliyo nzima siku hiyohiyo.