Uvimbe wa mshipa wa tumboni haukandwi

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye makundi ya Tanga: tumbo likidunda, likandwe kwa mafuta ya nazi na karafuu, uvimbe wa mshipa utanywea. Si kweli. Aota, mshipa mkuu wa damu, ina upana wa karibu sm 2 tumboni. Ikifika sm 3 imetanuka, na ukuta uliolegea haurudi kwa kukandwa. Ultrasaundi huonyesha upana huo. Omba uandikiwe kwa sentimita.

Matibabu kwa kawaida hufikiriwa kwenye sm 5.5 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke. Bomba la kitambaa lenye fremu ya waya huingizwa kupitia kinena likiwa limekunjwa, likafunguliwe ndani ya aota ili damu ipite humo. Palipo na matawi ya aota yanayopeleka damu kwenye figo, bomba huwa na vitundu ubavuni, kila kimoja kikiungwa na tawi lake kwa kibomba. Kitundu kikipishana na tawi kwa milimita chache tu, figo inaweza kukosa damu. Baadaye vipimo huendelea, maana damu huweza kuvujia nje ya bomba.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mtu mwembamba huhisi aota yake ikidunda bila ugonjwa, na gesi ikitoka tumbo hutulia. Mafuta yakapewa sifa. Tafadhali, ndugu zetu, msiusambaze ujumbe huo. Maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, pamoja na kizunguzungu, ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo.